Ng'ombe Tisa Waliokwama Mtandaoni

Kuna maneno mawili niliyoyasikia maishani mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu mwenyewe: "Mtandao hakuna." Nimeyasikia Sirari kwenye duka la dawa za mifugo. Nimeyasikia Mugumu, na nimeyasikia Natta kwenye kambi ya watalii kabla hata sijavua kofia ya pikipiki. Sasa ninyi mnaoianza kazi hii leo, wenye simu zenye uwezo kuliko kompyuta zote nilizowahi kubeba mgongoni, nawaambia jambo moja mapema. Mara nyingi nilipoitwa kwa maneno hayo, mtandao ulikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine kabisa, na mshahara wangu ulitokana na kukitafuta.

Naitwa Marwa. Nina miaka arobaini na minane, elimu yangu ni kidato cha nne, na nimestaafu. Najua mnacheka. Wengine hustaafishwa kwa barua, mimi nimestaafishwa na mgongo, baada ya miaka ishirini ya kupigwa na matuta kati ya Tarime na Serengeti. Sasa nafuga nyuki Ringwani. Lakini nikisikia pikipiki inapita kuelekea Mugumu, miguu inaniwasha. Sijawahi kukaa mahali pamoja nikatulia. Mke wangu husema hakuolewa na mtu, aliolewa na vumbi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwaunganisha watu na taarifa zao. Zamani daftari la ofisi lilikaa kabatini, na ukilitaka unafungua kabati. Siku hizi linakaa kwenye kompyuta ya mbali, seva, ambayo huenda iko Dar es Salaam au Ulaya, nawe uliye kijijini unalifungua kwa mtandao. Ndiyo hayo mnayoambiwa kwamba taarifa ziko mawinguni. Siku linapofunguka, hakuna anayekumbuka kwamba upo. Siku likigoma, simu yako inaita mpaka betri inakwisha.

Aliyenifundisha ni Fundi Sudi wa Mugumu. Babu yake alitoka pwani na biashara ya vyombo, akaoa huku, hakurudi. Sudi alianza na redio, akaingia kwenye simu, kisha kwenye kompyuta, bila kubadilisha meza wala kiti. Siku yangu ya kwanza kwake nilijaribu kufungua mfumo wa mteja, ukagoma. Nikamwita.

"Fundi, mtandao hakuna."

"Umejuaje?"

"Haufunguki."

"Nini hakifunguki?"

"Kila kitu."

"Umejaribu kila kitu?"

"Nimejaribu kimoja."

"Basi sema kimoja hakifunguki, mwanangu. Usiutangazie mtandao mzima msiba."

Akachukua chaki, akachora sakafuni mji wa Kikurya, zizi la ng'ombe katikati na lango moja. Akasema, "Unataka kumtembelea mwenye mji huu. Kwanza, njia ipo? Pili, unajua mji wake uko wapi, au umepewa jina tu? Tatu, ukifika langoni, liko wazi au limezibwa kwa miiba? Nne, ukishaingia, mwenyewe anakutambua? Mtu akirudi amekwama, usimwambie njia ni mbovu. Muulize amefika wapi."

Miaka yote niliyofanya kazi hii, sikupata somo lingine kubwa kuliko hilo. Njia ndiyo mawimbi ya simu au waya. Jina la seva lazima ligeuke kuwa anwani ya namba, na wakati mwingine hapo ndipo panapokwama. Lango ni ule mlango ambao seva inausikiliza, unaoweza kuwa umefungwa na walinzi wa mtandao. Kutambuliwa ni nywila yako, kibali chako, na kama uko kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Mimi nilianza na manne hayo kila safari. Nilipoyaruka, niliaibika.

Na niliaibika kweli. Kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Mugumu ambalo mfumo wake uligoma siku nilipowabadilishia nywila. Mimi nikaamua ni mawimbi. Nikapanda juu ya bati kugeuza antena, nikashuka, nikapanda. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu Fundi Sudi akaja, akasimama chini kivulini, akaniita.

"Hiyo nywila uliiandika au uliinakili?"

"Niliinakili kwenye ujumbe wa simu, Fundi."

"Shuka, iandike kwa kidole."

Nikaiandika, mfumo ukafunguka. Nilipoinakili ile nywila, nilikuwa nimebeba na nafasi moja tupu ya mwishoni, isiyoonekana kwa macho. Seva inaiona, na kwake hiyo ni nywila nyingine.

"Siku mbili umekaa juu ya bati la mtu kama kunguru," Fundi Sudi akasema, na mwenye duka akacheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo kila nywila niliiandika kwa mkono kwanza. Fanyeni hivyo.

Kule Natta kambini shida ilikuwa nyingine. Mfumo wa kupokea wageni ulikuwa mzima asubuhi, ikifika mchana unakataa watu. Meneja alikuwa tayari kununua vifaa vipya. Nikaomba nikae tu jikoni siku nzima, ninywe chai na kutazama. Nikaona waongozaji wa watalii wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja anafungua mfumo kwenye kompyuta ya pamoja, anatazama orodha yake, anaondoka bila kuufunga. Anayefuata anaona dirisha la mwenzake, hataki kuligusa, anafungua lingine. Kufikia mchana nafasi zote ambazo seva iliruhusu zilikuwa zimejaa watu walioondoka zamani na sasa wako porini wanaonyesha tembo. Nikaiwekea seva amri ya kumtoa yeyote aliyekaa kimya robo saa. Sikununua hata waya. Meneja alinitazama kama mtu aliyemwona mganga akitibu kwa maji matupu.

Lakini ushindi ulionipandisha kichwa ni wa Sirari. Sirari ni mji ambao kila simu ina nchi mbili. Mwenye duka la dawa za mifugo alikuwa na mfumo uliofunguka akiwa chumba cha nyuma na kugoma akiwa kaunta ya mbele. Mafundi wawili walikuwa wameshamwambia kompyuta yake inaogopa mwanga. Mimi nikachukua modemu nikatembea nayo taratibu, hatua kwa hatua, kutoka nyuma kwenda mbele, nikitazama jina la mnara. Tulipopita mlango wa kati, ikaruka na kushika mnara wa Kenya.

"Lakini huku mbele ndiko mawimbi yana nguvu!" akasema.

"Yana nguvu, ila ni ya shemeji zako. Seva yako imeambiwa ipokee watu wa Tanzania tu."

"Sasa hiyo seva inajua aje niko Kenya na mimi nimesimama hapa Tanzania?"

"Inasoma anwani uliyokuja nayo. Wewe umesimama Tanzania, barua zako zinapitia Kenya."

Nikaifunga modemu isishike mnara mwingine ila wa kwetu, kwisha. Siku hiyo nilitembea Sirari kama aliyetangazwa kushinda uchaguzi. Na ni majivuno hayo hayo nusura yamharibie mtu maisha kule Nyanungu. Hiyo ndiyo habari niliyotaka kuwaambia tangu mwanzo, hizi nyingine zimenitoka mdomoni tu.

Chama cha wafugaji cha Nyanungu kilikuwa kimewavisha ng'ombe wa wanachama hereni za plastiki zenye namba. Kila namba iliingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni pamoja na jina la mwenye mali, picha ya ng'ombe kwa ubavu, na alama zake. Daftari la karatasi waliliacha baada ya mchwa kulila. Kwa hiyo ushahidi wote wa nani ana ng'ombe gani ulikuwa huko kwenye seva.

Asubuhi moja, saa tatu, nikiwa Tarime mjini, karani wa chama akanipigia. Anaitwa Bhoke, dada mmoja makini sana, ambaye hata kalamu zake huzipanga kwa urefu.

"Kaka Marwa, mfumo haufunguki. Na Mama Mwita yuko hapa ananiangalia."

"Anakuangalia kwa nini?"

Akanieleza kwa pumzi moja. Ng'ombe tisa wa Mama Mwita walikuwa wameibwa. Mwanawe Mwita na majirani walifuata nyayo siku mbili, wakavuka upande wa Serengeti, wakawakuta ng'ombe mnadani karibu na Ringwani. Tayari walikuwa juu ya lori la mnunuzi wa mbali. Mnunuzi alikuwa na karatasi zake, alisema amenunua kihalali, na aliyemuuzia hakuonekana tena. Msimamizi wa mnada hakutaka ugomvi na mtu. Alisema: leteni kumbukumbu za chama, zenye namba na picha na muhuri, kabla ya saa nane mchana. Saa nane lori linaondoka.

Na hawakuwa ng'ombe wa kawaida. Walikuja kama mahari ya dada yake Mwita, na kwetu ng'ombe walioletwa kwa binti ndio wanaomwozea kaka yake. Jumamosi hiyo walikuwa waende kwa wakwe, Mwita aoe. Wengine hawakuwapo.

Niliwasha pikipiki nikiwa na chai mdomoni. Ni mwendo wa saa moja na nusu, njia ile ina mawe yanayomjua kila fundi kwa jina. Nilipofika ofisini nikamkuta Mama Mwita amekaa kwenye kiti cha wageni, mwanamke mrefu, fimbo magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mtandao?"

"Ndiyo mama."

"Mbona mwembamba hivyo?"

Nikakaa kwenye kompyuta, nikamwuliza Bhoke maswali yangu.

"Nini kimebadilika tangu jana?"

"Hakuna."

"Umeweka programu mpya? Umebadilisha laini?"

"Kaka, sijaharibu kitu chochote."

Nikaanza. Njia ipo? Nikafungua kurasa nyingine za mtandao, zikafunguka. Jina linageuka anwani? Linageuka. Lango liko wazi? Likajibu. Basi tumekwama kwenye kutambuliwa. Pale kwenye skrini kulikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza, kwamba ruhusa imepitwa na muda.

Mtu mwenye adabu angeyasoma maandishi yale mara mbili. Mimi nilikuwa na Sirari kichwani. Nikasema kwa sauti kubwa, ili Mama Mwita asikie utaalamu, "Huu ni mnara wa Kenya. Nimeshawahi kuukamata." Nikatoa modemu, nikaweka nyingine. Ikagoma. Nikaunganisha kwa simu yangu, ikagoma. Nikatoka nje na kompyuta mikononi nikazunguka nyumba kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea. Minara yote ilikuwa ya Tanzania.

"Mura," Mama Mwita akaniita, yaani kijana, "hiyo mashine unaitengeneza au unaitembeza?"

"Naitafutia mahali pazuri, mama."

"Mwanangu amefuata kwato kwenye majani siku mbili, akaona. Ninyi daftari liko mbele ya macho yenu na hamlioni."

Nikampigia kijana wa Mwanza anayetunza ile seva, labda kibali cha chama kimekwisha. Akatazama kwake, akasema, "Kibali chao ni kizima. Nawaona mnagonga, ila ombi lenu linafika limechacha."

"Limechacha vipi?"

"Kila ombi linapigwa muhuri wa muda linapotoka kwenu. Likipita robo saa, seva inalitupa. Ni kwa usalama, mtu asije akaokota ombi la zamani akalitumia. Hebu angalia saa ya kompyuta yenu."

Nikaangalia pale kwenye kona ya chini. Imeandikwa 5:40. Nikatazama nje, jua limekaa pale linapokaa saa tano na dakika arobaini asubuhi. Tarehe nayo ni ya leo.

"Saa yetu iko sawa," nikamwambia, na nikakata simu kwa kujiamini kabisa.

Sasa nikawa sina pa kwenda. Nimepita njia, jina, lango, kibali, hata saa. Bhoke alikuwa anafuta machozi kwa kiganja, akijifanya anafuta jasho. Mama Mwita aliacha kunitania, akageuka kutazama jua mlangoni. Nikasikia simu yake inaita. Alikuwa Mwita, kutoka mnadani.

"Mama, dereva ameanza kujaza mafuta."

"Bado saa nane."

"Najua mama. Nakuambia tu ninachokiona. Nimetuma picha za ng'ombe wote kwenye barua pepe ya chama, mlinganishe mkishafungua."

Bhoke akafungua barua pepe kwenye kompyuta ile ile, ikafunguka bila taabu. Zikatokea picha: ng'ombe wanatazama kati ya mbao za lori. Nikawa natazama hereni, kisha jicho likateleza pembeni, kwenye muda barua ilipotumwa. 11:32.

Nikatazama kona. 5:48.

Nikarudi kwenye barua. 11:32. Barua iliyo mbele yangu ilikuwa imetumwa saa ambayo kompyuta yetu ilikuwa bado haijaifikia.

"Bhoke, nani ameweka saa hii?"

Akainua uso, akajibu kwa fahari kidogo, "Mimi. Nimeirekebisha leo asubuhi."

"Umeirekebisha?"

"Ilikuwa inatuaibisha, kaka. Jana mwenyekiti alinirudishia karatasi ya usajili mbele ya watu. Akasema, binti, nimemleta ndama wangu hapa saa tatu asubuhi, karatasi yako imeandika 9:15. Saa tisa mimi nilikuwa msibani, watu waliniona. Unataka waseme nadanganya? Basi leo nilipofika saa mbili nikaweka mbili. Ikajirudisha yenyewe kwenye nane. Nikaweka tena, ikajirudisha tena. Nikatafuta pale inapojipangia, nikapazima."

"Umepazima."

"Hata simu yangu ndogo nimeiweka hivyo miaka yote, na haijawahi kugoma."

Mnaona? Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, seva inahesabu tangu usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Kila ombi tulilotuma pale ofisini lilikuwa na muhuri wa alfajiri, giza bado liko nje. Seva ikaona barua iliyolala njiani saa sita, ikaitupa, na ilikuwa na haki. Mimi fundi mzima nimeitazama saa ile nikaiona sawa, kwa sababu kwa mtu wa kwetu ilikuwa sawa kabisa.

Nikawasha pale alipopazima. Tarakimu za konani zikatetemeka mara moja, 5:49 ikawa 11:49. Nikabonyeza mfumo.

Ukafunguka.

Bhoke alipiga kelele ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya lugha gani. Mama Mwita akasimama na fimbo yake akaja nyuma ya kiti changu. Tukaandika jina lake, ng'ombe tisa wakajipanga kwenye skrini, kila mmoja na picha yake, wamesimama kwenye zizi lake siku ya kuvishwa hereni.

"Huyo ni Ng'aring'ari," akasema taratibu, akigusa skrini kwa kidole. "Na huyu mwekundu ndiye mama wa yule."

Tukampigia Mwita, tukaweka simu kwenye sauti kubwa. Bhoke akawa anasoma namba, Mwita anapaza sauti akiwa amepanda kwenye gurudumu la lori. Namba ya kwanza, ipo. Ya pili, ipo. Zikafika saba, zote zipo. Kisha Mwita akashusha sauti.

"Wawili hawana hereni. Masikio yamekatwa."

Tukasikia sauti ya mnunuzi kwa nyuma: "Basi hao wawili ni wangu!"

"Subiri," Bhoke akasema. Yule dada aliyekuwa akilia nusu saa iliyopita akakaa wima. "Mwita, mwambie msimamizi asogee. Wa kwanza, ubavu wa kushoto ana baka jeupe lenye umbo la jembe, na chini yake kuna doa moja jeusi. Wa pili ana pembe ya kulia iliyovunjika ncha, na alama ya chuma kwenye paja la nyuma. Anaangalia?"

Tukasubiri. Tulisikia ng'ombe, tulisikia watu wanabishana, tulisikia mtu anapanda kwenye mbao.

"Binti," ikaja sauti nyingine, nzito, ya msimamizi mwenyewe, "hilo doa jeusi liko upande gani wa baka, mbele au nyuma?"

Bhoke akaikuza picha. "Nyuma, karibu na ubavu wa mwisho."

Msimamizi akarudi simuni. "Lipo. Nitumie karatasi yenye muhuri."

Tukachapa kurasa tisa. Printa ilikwama kwenye ya sita, nikaitoa karatasi kwa meno. Bhoke akagonga mihuri kwa nguvu mpaka meza ikahama, tukapiga picha, tukatuma. Ilikuwa saa sita na nusu. Tukakaa kuitazama simu. Haikuchukua muda.

"Mama!" Mwita alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake watu walikuwa wanapiga kelele kumzidi. "Mama, wanashushwa! Wanashushwa wote!"

Mama Mwita alitoka nje, akasimama katikati ya uwanja, akapiga vigelegele mpaka wanafunzi wa shule ya jirani wakatoka madarasani. Kisha akarudi, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayepima boga.

"Mwembamba, lakini una kichwa," akasema.

Nikamwambia kichwa ni cha Bhoke. Sikusema kwa unyenyekevu, ni kweli. Mimi niliwasha kitufe, yeye alisoma ng'ombe.

Kabla sijaondoka tulimaliza ugomvi wa mwenyekiti pia. Saa ya kompyuta tuliiacha ijipange yenyewe na ulimwengu. Ila karatasi ya usajili nikaibadilisha, ikawa inachapa kwa maneno: saa tatu na robo asubuhi. Mashine ibaki na hesabu yake, mzee asome ya kwake. Alipoletewa ya kwanza aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye koti.

Kwa hiyo hili ndilo lililo langu mimi, sikulipata kwa Fundi Sudi. Ukifika mahali mfumo umegoma, usiwaulize watu wameharibu nini. Hakuna aliyeharibu, dunia nzima haina mtu huyo. Waulize wametengeneza nini. Watakuambia kwa furaha, watakuonyesha, watakupeleka mpaka mahali penyewe. Bhoke aliponijibu kwamba hajaharibu kitu alikuwa msema kweli. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya, na swali baya lilitugharimu saa nzima na zaidi ya ng'ombe wa watu. Na mashine ikikuandikia maandishi mekundu, yasome polepole, hata kama Kiingereza chako ni cha kidato cha nne kama changu. Mara nyingi yanasema kweli kabisa, ni sisi tunaokimbilia ushindi wetu wa zamani.

Jumamosi nilikwenda. Ningekosaje? Ng'ombe tisa waliingia kwa wakwe wamenyooka, wawili kati yao masikio yamefungwa dawa ya zambarau, na Mwita nyuma yao amevaa koti lililombana mabegani. Wazee wakawazunguka, wakawashika nundu, wakabishana kama inavyopasa. Walipokubali, Bhoke akaweka kompyuta kwenye kigoda katikati ya uwanja, akaiunganisha kwa simu yake. Ng'ombe walikuwa wamepata mwenye mali mpya, na jina lilipaswa kuhama hapo hapo, mbele ya mashahidi.

Baba wa bibi harusi, Mzee Wambura, alisogea akainama mbele ya skrini, mikono nyuma.

"Na ukibonyeza hapo, huko mbali watajua?"

"Watajua, tata," Bhoke akajibu, akimwita baba kwa Kikurya.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Wazee wakasogea. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kikombe changu. Bhoke akabonyeza. Kile kiduara kikazunguka mara moja, mara mbili, kikatoweka. Akaanza kusoma: namba ya hereni, rangi, alama, na mwenye mali. Akasoma wa kwanza mpaka wa tisa, na kila mwisho wa mstari alisoma jina lile lile, Wambura, wa Nyanungu.

Alipomaliza, mzee aliendelea kuinama pale pale, anaitazama skrini kana kwamba kuna mtu ndani yake anayemfahamu.

"Soma tena," akasema. "Anzia mwanzo. Na usome kwa sauti, mke wangu yuko jikoni."